Wanaosimama Pembeni ya Mkubwa

Mkorea aliyekata tiketi ya filamu ya The Man Standing Next mwezi Januari 2020 alikuwa anaujua mwisho wake hata kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Rais atapigwa risasi. Atapigwa akiwa mezani, glasi mbele yake, usiku wa tarehe 26 Oktoba 1979, katika nyumba ya siri iliyo jirani na Ikulu ya Seoul. Atakayempiga ni mkurugenzi wake mwenyewe wa ujasusi, Kim Jae-gyu, mtu wa kwao, waliyehitimu naye chuo kimoja cha kijeshi kwa mkupuo mmoja. Hata watoto wa shule wanajua. Sasa habari ambayo nchi nzima inaijua unaitengenezaje ikawa ya kumshikisha mtu roho mkononi?

Swali hilo ndilo lililonivuta kwenye filamu za siasa za Korea Kusini. Mimi, kama wengi hapa Dar es Salaam, nilianza na tamthilia zao za kifalme na za mapenzi, zile unazowekewa kwenye flashi na kijana wa laibrari ya mtaani, zikiwa na sauti ya mkalimani wetu juu yake anayechomekea na ya kwake. Za siasa hazipatikani sana huko. Nilipomwomba kijana anitafutie, alinitazama kwa huruma: "Dada, zile za wazee wa suti? Zile hazina hata mapenzi." Kweli hazina. Zina wazee wa suti, moshi wa sigara, simu za mezani na milango inayofungwa taratibu. Nimeishia kuziangalia kwa bando langu, nikisoma maandishi ya chini, na sijutii hata megabaiti moja.

Turudi mezani. The Man Standing Next, iliyoongozwa na Woo Min-ho, inaanzia siku 40 kabla ya risasi. Majina yamebadilishwa: mkurugenzi anaitwa Kim Gyu-pyeong, na Lee Byung-hun anamcheza akiwa na nywele zilizolazwa kwa mafuta, ambazo kila akikasirika anazirudisha nyuma kwa kiganja. Rais Park Chung-hee ameshakaa madarakani miaka 18. Mkurugenzi wa zamani wa ujasusi ametoroka na yuko Marekani, anamwaga siri mbele ya kamati ya Bunge la huko. (Hilo ni kweli: Kim Hyong-uk alitoa ushahidi Washington mwaka 1977, na Oktoba 1979 akapotelea Paris, asionekane tena.) Rais anataka jambo hilo liishe. Lakini haamrishi. Anamwambia mkurugenzi wake kwa upole kwamba mimi si niko upande wako, wewe fanya unavyoona inafaa.

Ukiishi kwenye nchi yenye ofisi, utaitambua sauti hiyo. Amri haipo, karatasi haipo, shahidi hayupo. Kazi ikishafanyika na ikinuka, mwenye mkono ni wewe. Filamu inatuonyesha kwamba aliyetoroka naye aliwahi kuambiwa maneno yaleyale, na Kim anapolitambua hilo ndipo unapoona kitu kinakatika usoni mwake. Pembeni kuna mkuu wa walinzi wa rais, mwanamume mwenye kifua mbele, anayetaka waandamanaji wa Busan na Masan wasagwe kwa vifaru, na rais anazidi kumsikiliza yeye. Kwa hiyo risasi za usiku ule, kwa jinsi filamu inavyozieleza, zina siasa ndani yake, zina wivu, na zina uchungu wa mtumishi aliyetumika mpaka akachakaa. Ipi ilizidi? Filamu haikusaidii kuamua, na nadhani imefanya vizuri.

Kipande ninachokirudia ni baada ya mauaji. Bastola imekwama katikati ya kazi, imebidi achukue ya msaidizi wake, ameteleza kwenye damu. Sasa yuko ndani ya gari, pamoja na Mnadhimu Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu ambaye hajui kilichotokea. Anatazama miguu yake na kuona yuko na soksi tu, viatu hana. Kisha linakuja swali la dereva: twende Namsan au makao makuu ya jeshi? Namsan ni mlima ulio katikati ya Seoul ambako ofisi za ujasusi zilikuwa. Enzi hizo mtu akisema fulani "amepelekwa Namsan" wenzake walinyamaza. Namsan ni kwake, kuna watu wake na silaha zake. Gari likaenda jeshini. Saa chache baadaye akakamatwa, na Mei 24, 1980 akanyongwa. Historia ya nchi imegeukia pale barabarani, na filamu inakaa na uso wa mtu asiye na viatu anayefikiria njia.

Nikaanza kuziona zote kwa jicho hilo. Rais au jenerali yupo, lakini kamera haimkodolei yeye sana. Inamkodolea anayesimama pembeni yake: msaidizi, dereva, mwendesha mashtaka, askari wa kizuizini. Wasiwasi wako wote unatokana na jambo moja, kama huyu aliyetumwa atakwenda au hatakwenda.

Kwenye mabanda yetu ya video tulikua na sheria: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kutupwa mtoni, kuchomwa kisu cha mgongo, lakini mwisho atasimama na adui atalala. Nilimkalisha shemeji yangu tuangalie 12.12: The Day nikiwa sijamwambia chochote. Alimchagua steringi wake mapema, jenerali mrefu mwenye msimamo anayechezwa na Jung Woo-sung, akatulia akisubiri adui ashikishwe adabu. Zikiwa zimebaki dakika kama ishirini akaanza kuniuliza kama kuna sehemu ya pili.

Sehemu ya pili hakuna. Filamu hiyo ya Kim Sung-su, iliyotoka Novemba 2023, inasimulia usiku wa Desemba 12, 1979, wiki chache baada ya rais kuuawa. Meja Jenerali Chun Doo-hwan, mkuu wa usalama wa jeshi na ndiye aliyekuwa anachunguza mauaji hayo, alimkamata bosi wake, yule yule Mnadhimu Mkuu aliyekuwa ndani ya gari, bila kibali cha rais mpya. Usiku huohuo akaliteka jeshi zima, na mwaka uliofuata akawa rais. Alikuwa na kikundi chake cha siri cha maofisa, Hanahoe, waliobebana kwa ukoo wa chuo na wa mkoa. Rafiki yake Roh Tae-woo alivuta wanajeshi kutoka mpakani na Kaskazini akawaleta mjini. Fikiria hilo: nchi iko vitani kisheria, adui yuko kilomita chache, na kamanda anaacha mpaka ili aje kusaidia mapinduzi.

Filamu karibu yote ni simu. Nani amepigiwa, nani hapokei, nani anasema nitakupigia baadaye. Kamanda wa ulinzi wa jiji kuu, ambaye kwenye historia aliitwa Jang Tae-wan, anatafuta kikosi hata kimoja kitakachomtii, na kila anakopiga kuna mtu anasubiri kwanza aone upepo. Kuna brigedi ya makomandoo iliyokuwa njiani kuja kuwazima waasi. Waasi wakapiga simu: sisi tunarudisha wetu, nanyi rudisheni wenu, tusimwage damu ya ndugu. Majenerali wazee wakaona ni neno la kiungwana. Brigedi ikageuza. Waasi hawakugeuza chochote. Hapo shemeji alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Waziri wa ulinzi alikuwa amejificha. Rais wa mpito, Choi Kyu-hah, alikataa kusaini kibali cha kumkamata Mnadhimu Mkuu mpaka waziri aonekane, akawasubirisha wenye bunduki usiku kucha. Alipoletewa waziri alfajiri, akasaini, na pembeni ya saini akaandika saa: 5:10 asubuhi, yaani saa 11 na dakika 10 alfajiri kwetu. Maana yake, ijulikane kwamba karatasi imekuja baada ya kitendo. Ni ushujaa mdogo sana, wa karani. Lakini miaka 16 baadaye, Chun alipofikishwa mahakamani, jambo kama hilo lilikuwa na uzito wake. Kuna na ushujaa mwingine usio mdogo: Meja Kim Oh-rang, msaidizi wa kamanda wa makomandoo, aliyebaki peke yake mlangoni mwa bosi wake na bastola wakati wenzake wa kikosi hichohicho wakija kumkamata. Alikufa pale, ana miaka 35.

Zaidi ya watu milioni 13 waliiangalia kumbini, katika nchi ya watu kama milioni 51. Vijana wakaanzisha mchezo wa kupiga picha saa zao za mkononi na kuonyesha mapigo ya moyo yalivyopanda wakati wa filamu. Ni vijana ambao Chun aliondoka madarakani hawajazaliwa, na wanajua fika kwamba anashinda. Inawezekana walikasirika kwa sababu hiyohiyo: kila mara kuna mtu ambaye, angekataa tu, ingetosha.

Filamu inayoonyesha upande wa pili, waliokataa, ni 1987: When the Day Comes ya Jang Joon-hwan, ya Desemba 2017. Januari 14, 1987, mwanafunzi Park Jong-chul alifia mikononi mwa polisi katika jengo la Namyeong-dong kwa kuteswa kwa maji. Polisi wakatoa maelezo ambayo Wakorea wanayakariri hadi leo: mpelelezi alipiga meza kwa nguvu, mwanafunzi akashtuka, akafa. Filamu haina steringi kabisa. Mwendesha mashtaka mmoja, mlevi na mkorofi, anakataa kusaini karatasi ya kuchoma maiti usiku huohuo. Anatoka kwenye hadithi. Daktari aliyeitwa chumbani anamwambia mwandishi kwamba sakafu ilikuwa na maji. Anatoka. Mwandishi anaandika. Askari magereza anatoa barua nje, maana ndani ya gereza kuna mwandishi mfungwa aliyegundua kwamba polisi waliofungwa ni wachache kuliko waliotesa. Mapadri Wakatoliki wanasoma majina hadharani, Mei 18. Kila mmoja anakipokea kijiti, anakimbia hatua zake chache, anakikabidhi.

Ukiuliza kwa nini mwendesha mashtaka alikataa, filamu inakupa sababu ya kawaida kabisa: amechoka kusukumwa na polisi wanaojiona wako juu ya sheria. Napenda hivyo. Hakuna hotuba. Juni 9 mwanafunzi mwingine, Lee Han-yeol, alipigwa na kopo la bomu la machozi kichwani mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Yonsei, mitaa ikajaa, na Juni 29 serikali ikakubali rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Katiba iliyotoka hapo ndiyo inayotumika mpaka sasa: rais miaka mitano, awamu moja, basi.

Msomaji anaweza kudhani Wakorea wamekuwa wakisema hayo bila hofu muda wote. Hapana. Mwaka 1995 tamthilia ya Sandglass ilionyesha mauaji ya Gwangju ya Mei 1980, mji ambako wanajeshi waliwaua raia walioandamana kumpinga Chun, pamoja na picha halisi za matukio, mambo ambayo runinga ilikuwa haijathubutu kuyaingiza kwenye tamthilia. Ilifika asilimia 64.5 ya watazamaji, na watu wakaiita saa ya kurudi nyumbani kwa jinsi mitaa ilivyobaki mitupu. Ilirushwa Januari na Februari. Desemba 3 ya mwaka huohuo Chun Doo-hwan akakamatwa. Sisemi tamthilia ilimkamata. Nasema hewa ilikuwa imeshabadilika, na tamthilia ilikuwa sehemu ya hewa hiyo.

Kisha 2005, Im Sang-soo akatoa The President's Last Bang, kichekesho cheusi juu ya chakula kilekile cha usiku cha 1979. Mtoto wa kiume wa Park akaenda mahakamani. Mahakama ikaamuru zikatwe dakika 3 na sekunde 50 za picha halisi za kihistoria, eti mtazamaji asichanganye ukweli na utunzi. Kumbini zikaonyeshwa kama giza. Watu walikaa wakitazama skrini nyeusi, wakijua kilichofichwa ni nini. Wakati huo dada wa mlalamikaji, Park Geun-hye, alikuwa kiongozi wa upinzani. Mwaka 2013 akaapishwa kuwa rais. Chini yake ikaja orodha ya siri ya wasanii wasiotakiwa, majina zaidi ya 9,000, ili wanyimwe fedha za serikali. Mwongozaji Bong Joon-ho alikuwemo. Mwongozaji mwenzake Park Chan-wook alikuwemo. Mwigizaji Song Kang-ho alikuwemo, baada ya kucheza The Attorney, filamu iliyotokana na maisha ya Roh Moo-hyun, aliyekuja kuwa rais, alipokuwa wakili wa Busan akiwatetea vijana walioteswa mwaka 1981. Song alisema baadaye kwamba linalotisha zaidi ni mtu kuanza kujikagua mwenyewe: unasoma andiko, na kabla hujafikiria kama ni zuri, unafikiria kama wakubwa watalipenda.

Akacheza A Taxi Driver hata hivyo. Dereva wa teksi wa Seoul, mwenye madeni ya kodi ya nyumba, anampeleka mpiga picha Mjerumani, Jürgen Hinzpeter, mpaka Gwangju iliyozingirwa, kwa sababu ya nauli nono. Mjerumani alikuwepo kweli na mikanda yake ilitoka nchini ikiwa imefichwa kwenye kopo la biskuti. Katika njia ya kurudi wanasimamishwa kwenye kizuizi. Amri ni kwamba teksi yoyote ya Seoul izuiwe. Askari anafungua buti, anaondoa vitu, anakuta namba za usajili za Seoul zimefichwa chini. Anazitazama. Anawatazama waliomo ndani. Anafunga buti na kusema wapite. Hatumwoni tena. Watazamaji wengi, nami nikiwemo, wanamkumbuka huyo askari kuliko wanavyokumbuka mbio za magari zinazofuata, ambazo kusema kweli zimezidi chumvi.

Halafu ukaja usiku wa Desemba 3, 2024. Rais Yoon Suk Yeol alitokea kwenye runinga majira ya saa 4 na nusu usiku akatangaza sheria ya kijeshi, mara ya kwanza tangu enzi za Chun. Helikopta zikatua bungeni. Wasaidizi wa wabunge wakaziba milango kwa meza na viti, wakapuliza mitungi ya kuzimia moto. Spika mwenye umri wa miaka 67 akaruka ukuta. Saa 7 usiku wabunge 190 waliokuwemo wakapiga kura, wote 190, kuifuta amri. Wiki moja baadaye Han Kang alikuwa Stockholm akipokea Nobel, mwandishi ambaye riwaya yake mojawapo inahusu Gwangju ileile. Mtunzi akiandika mpangilio huo, mhariri atamwambia apunguze.

Kwenye vikao vya Mahakama ya Katiba, Februari 2025, kanali wa Kamandi ya Ulinzi wa Jiji Kuu alieleza kwamba aliagizwa aingie bungeni akawatoe wabunge, na kwamba aliwaambia askari wa nyuma wasivuke daraja la Seogang linaloelekea bungeni. Kamandi hiyo ndiyo mrithi wa ile ya Jang Tae-wan, jenerali aliyekuwa anabembeleza watu kwenye simu mwaka 1979. Mahakama ilipomwondoa Yoon Aprili 4, majaji wote wanane kwa kauli moja, iliandika kwamba Bunge liliweza kupiga kura haraka kwa sababu wananchi walisimama na kwa sababu askari na polisi walitekeleza amri kwa kulegalega. Mahakama inawashukuru watu kwa uvivu kazini! Sijui kama kuna askari aliyekuwa ameiangalia 12.12, ingawa katika nchi ambayo mtu mmoja kati ya wanne hivi alikata tiketi, ingekuwa ajabu asiwepo hata mmoja.

Upande wa runinga mambo ni mchanganyiko. Ukifungua tamthilia yoyote ya siasa ya Kikorea utakutana na mwendesha mashtaka kabla hujamaliza chai, na sababu ipo: kwa miongo mingi waendesha mashtaka wa kule walichunguza wenyewe na wakashtaki wenyewe, hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kumpeleka mtu kortini. Kesi ya mkubwa ikizikwa, imezikwa. Yoon mwenyewe alitokea huko, alikuwa mkuu wa waendesha mashtaka kabla ya siasa. Stranger ya 2017 ndiyo bora kwa jambo hili. Cho Seung-woo anacheza mwendesha mashtaka aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo utotoni, hisia zake zikafifia, kwa hiyo takrima haimgusi, kusifiwa hakumgusi, na aibu ya kumchongea bosi haimgusi. Anahitajika mgonjwa ili apatikane mtu safi! Mauaji ya mwanzo ni ya mfanyabiashara aliyekuwa anawalipia waendesha mashtaka starehe zao, jambo ambalo lilishatokea kweli na kufichuliwa na runinga mwaka 2010. Kila kipindi kinaongeza mtu mwingine aliyewahi kukaa meza ile.

Designated Survivor: 60 Days ya 2019 ni marudio ya tamthilia ya Marekani, na yanayovutia ni waliyolazimika kuyabadilisha. Bomu linaua rais na baraza lake. Anabaki waziri wa mazingira, mwanasayansi asiyependa kufunga tai. Kimarekani huyo anakuwa rais kamili. Katiba ya Korea inataka uchaguzi ndani ya siku 60, kwa hiyo anakuwa kaimu mwenye kalenda ukutani. Kila waziri, jenerali na msaidizi anapiga hesabu: huyu nimtii, au nisubiri wa baada yake? Kwa maoni yangu imekuwa tamu kuliko mama yake. The Whirlwind ya Netflix, ya 2024, nilianza nayo kwa hamu. Waziri mkuu anaamua kumuua rais katika kipindi cha kwanza, Sol Kyung-gu na Kim Hee-ae wanararuana kwa maneno, lakini kila baada ya dakika kumi mtego unateguka na mwingine umetegwa, mpaka nikaacha kumwogopea mtu yeyote. Wote ni mafundi wa mitego. Hakuna mtu wa kawaida anayeshika simu mkono ukitetemeka.

Na sinema zenyewe zinatoka nje ya ukumbi. Inside Men ya 2015, ya Woo Min-ho huyohuyo, ina mhariri wa gazeti anayewaita wananchi mbwa na nguruwe, watabweka kidogo kisha watanyamaza. Julai 2016 ofisa wa wizara ya elimu akayarudia maneno hayo mezani mbele ya waandishi, akaongeza kwamba asilimia 99 ya watu ndivyo walivyo. Akafukuzwa kazi, ingawa baadaye mahakama iliona adhabu imezidi. Yule mhariri ndiye adui wa filamu. Ofisa alimwona mwalimu.

Watazamaji wa kule nao hawana masihara. Snowdrop ilipoanza Desemba 2021, mapenzi ya binti wa chuo na jasusi wa Kaskazini katika mwaka huohuo wa 1987, maombi ya kuisimamisha yalipata saini zaidi ya 200,000 kwa muda mfupi na wadhamini wakakimbia. Kwa mgeni ni hadithi ya mapenzi. Kwao, vijana wa 1987 waliteswa kwa kusingiziwa kuwa majasusi wa Kaskazini, na sasa tamthilia inawaletea jasusi wa kweli bwenini. Mimi ningeacha irushwe, maana dawa ya marufuku tumeshaionja wengi. Lakini hasira yao naielewa.

Nimeibakiza moja kwa sababu ya ujirani. Escape from Mogadishu ya Ryoo Seung-wan, 2021, inatokana na mambo ya Januari 1991, Somalia ya Siad Barre ikianguka. Balozi mbili za Korea, zilizokuwa zikipigania kura za Waafrika ili ziingie Umoja wa Mataifa, zikajikuta zimekwama mji mmoja. Wa Kaskazini, wakiwa wameporwa kila kitu, wakagonga mlango wa Kusini. Kuna chakula cha usiku ambacho hakuna anayethubutu kuanza kula, mpaka balozi wa Kusini abadilishane bakuli na mwenzake kuonyesha halina sumu. Baadaye mama mmoja anahangaika kutenganisha jani la kiungo lililonata kwenye jingine, na mama wa upande wa pili, bila neno, anashikilia la chini kwa vijiti vyake. Walitoka kwa ndege ya jeshi la Italia mpaka Mombasa, na ndiko filamu inakoishia, ingawa ilipigwa Morocco.

Sina ugomvi na Wakorea wake. Nina ugomvi na Wasomali wake, ambao karibu wote ni umati, bunduki, meno na kelele. Filamu inayomtazama kwa subira Mkorea wa kawaida anayeamua kufungua mlango haikupata muda wa kumtazama Msomali mmoja akiamua chochote. Na hadithi ya Wakorea wakibembeleza Afrika ni ndefu kuliko wiki hizo. Tanzania ilikuwa na Kaskazini tangu miaka ya 1960 na uhusiano na Kusini ukaja 1992. Agosti 1982 Chun Doo-hwan mwenyewe, yule wa Desemba 12, alikuja Nairobi kutafuta marafiki, wiki chache tu baada ya Kenya kunusurika jaribio lake la mapinduzi la Agosti 1. Akaendelea Nigeria, Gabon na Senegal. Kule Gabon bendi ya mapokezi ikampigia wimbo wa taifa wa Korea Kaskazini. Lazima kulikuwa na mtu wa itifaki amesimama mahali nyuma yake wakati ala zinaanza, na mpaka leo sijaona mwongozaji aliyemtengenezea huyo filamu yake.